Parseli ya makoro mbele ya nyumba, Goma: maswali yanayorudi kila mara kuhusu kuitengeneza bila pesa mingi

Huku kwetu nyumba mingi ziko na ile fasi ya mbele iliyoachwa: makoro (mawe meusi ya lava) yametokeza, masashe (mifuko ya plastiki) yamenasa kwenye majani, vipande vya chupa, rundo la mchanga lililobaki wakati wa kujenga, na mwenye nyumba anapita hapo kila asubuhi akisema nitatengeneza siku pesa itapatikana. Maswali yanayofuata ni yale ambayo watu wanauliza sana. Kuko jibu moja linarudi karibu kila fasi, tuliseme mapema: usipigane na mawe. Mawe uko nayo bure, udongo njo wa kununua, sasa pesa yako kidogo iende kwenye udongo wa fasi chache tu.

Niko na pesa kidogo sana, nianzie wapi?

Anza na kazi ambayo hailipiwi. Safisha. Kata majani na kupekupe, toa masashe, toa chupa, toa vyuma, na ukiona pili (betri) za zamani za radio usiziache ndani ya udongo, ziweke pembeni kabisa. Wakati unasafisha fanya marundo: makoro makubwa fasi moja, madogo ya ukubwa wa ngumi fasi ingine, na udongo wowote mweusi unaoupata kwenye mipasuko uukusanye kwenye gunia juu huo ni mali. Watu wanautupa pamoja na takataka alafu wiki inayofuata wanaenda kununua udongo, hiyo inauma kuiona.

Alafu ngoja mvua moja kubwa inyeshe, simama mlangoni uangalie. Maji ya tole (mabati ya paa) yanaangukia wapi, yanakimbilia wapi, wapi yanazama mara moja na wapi yanasimama. Angalia pia watu wanapitia wapi kweli kutoka bariere (geti) mpaka mlangoni, juu njia utaiweka hapo hapo wanapopita, ukiweka njia nzuri ya kuzunguka kwenye maua watoto watakata kona na kukanyaga maua, hata uwagombeze aje.

Inabidi ninunue udongo wa parseli yote?

Hapana, na hapa njo pesa ya watu wengi inapotea. Tuchukue fasi ya mbele yenye metre 6 kwa 5, ambayo si kubwa. Ukitaka kuifunika yote na udongo wa kimo cha sentimetre 30 utahitaji metre kibu 9, ni kusema ndoo 450 za litre 20. Sasa chukua tu kitalu kimoja kando ya ukuta, metre 4 urefu na nusu metre upana, kimo kile kile cha sentimetre 30: ni ndoo 30. Ndoo 30 chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, inaweza kuleta kwa safari chache, haina haja ya kukodi gari ya beni. Na kwa macho ya mtu anayeingia, kitalu kimoja kilichojaa vizuri kinapendeza kuliko parseli nzima yenye udongo wa sentimetre 5 ambao mvua ya kwanza itauingiza wote ndani ya matundu ya lava usiuone tena.

Kuko wale wanaouliza mbona Masisi na Kibumba udongo wa volkano unazalisha sana na sisi hapa hakuna kitu. Ni mambo ya umri. Lava inahitaji muda mrefu sana ivunjike ichanganyike na majani yaliyooza mpaka iwe udongo. Ile ya Nyiragongo, volkano yetu, iliyoshuka tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 ikapita katikati ya mji mpaka ndani ya ziwa bado ni jiwe, na ile ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021 iliyoishia upande wa Buhene ndiyo kabisa. Fasi lava ni ya zamani zaidi utapata kiudongo kwenye mipasuko, na ile kitu ya kijivu kama ukungu inayoota juu ya makoro pamoja na majani ya fougere ni dalili kwamba kazi imeanza, lakini wewe hautaingoja.

Udongo mzuri ninautambua namna gani mbele ya kulipa?

Shika konzi moja, mwagia maji kidogo, finya. Ukishikana alafu ukavunjika ukiusukuma na kidole, ni mzuri. Ukimwagika kama mchanga hautashika maji, ukibaki donge gumu ni wa kufyatua matofali. Nusa: udongo mzuri unanukia msitu baada ya mvua, ule wa harufu ya choo uachane nao hata wakikupunguzia bei, juu kuko watu wanauza udongo waliotoa kwenye shimo la choo la zamani na mule kunaweza kuwa mayai ya minyoo. Ingiza mkono katikati ya rundo, si juu tu. Juu wanaweka mweusi mzuri, chini ni konkase (kokoto).

Na ule mchanga mweusi wa volkano si udongo, ata uwe mweusi namna gani. Unafaa kuchanganya kidogo udongo mzito upumue, basi.

Makoro yaliyotokeza niyavunje?

Yale yanayozuia mlango ao njia, ndiyo, tafuta kijana mwenye baramini (mtaimbo) na masi (nyundo kubwa), mpatane kwa kazi yote si kwa siku. Mengine yaache. Jiwe kubwa lenye shimo katikati tayari ni chungu cha maua ambacho hautanunua: ziba chini na vijiwe, jaza udongo ndoo moja ao mbili, panda aloe ao sansevieria, umemaliza.

Yale uliyoyatoa njo yanakuwa ukuta wa kitalu. Hauhitaji simenti. Chimba kidogo, weka makubwa chini, kila jiwe la juu likalie mawili ya chini kwenye maungio yao, na ukuta uinamie kidogo upande wa udongo, si upande wa njia. Nafasi zinazobaki pigilia vijiwe vidogo mpaka ukitikisa na mkono hakuna kinachocheza. Lakini usipite magoti. Wale waliokuwa hapa siku zilizofuata volkano ya 2021 wanakumbuka vile ardhi ilitetemeka mchana na usiku na nyumba zikapasuka, sasa ukuta wa mawe makavu wa metre moja na nusu na watoto wanacheza chini yake, hapana. Ukitaka mrefu lipa masoni na simenti.

Kwa njia, tandika konkase. Njia ya metre 6 kwa 1 yenye kimo cha sentimetre 5 inaomba ndoo 15. Nunua kwa wamama wanaogonga mawe kando ya barabara, na usiwakaze sana bei, ile kazi ni ngumu. Pembeni ya njia panga makoro ya ukubwa mmoja ili konkase isikimbie, na hapo tu, bila ua hata moja, parseli imeisha badilika.

Nataka kuchimba shimo kubwa la kompositi ao la kupanda mti. Kuko hatari?

Inategemea unaishi upande gani, na swali hili usilipite haraka. Upande wa magharibi ya mji, kuanzia Himbi na Kyeshero kuelekea Mugunga, Bulengo na njia ya Sake, kuko mazuku. Ni gesi kaboniki inayotoka chini kwenye mipasuko ya lava, ni nzito kuliko hewa, sasa inakaa kwenye mashimo na mabonde. Haina rangi, haina harufu ya kukuonya. Imeua mbuzi, imeua watoto, imeua watu wakubwa walioshuka kuokoa wengine. Asubuhi mapema na usiku wakati upepo hautembei njo inakuwa mbaya zaidi.

Kama uko huko, usichimbe shimo refu kwa sababu ya bustani. Panda juu: tengeneza vitalu vya kuinua na mawe, weka kompositi juu ya ardhi ndani ya duara la makoro ao la mapine (matairi). Ukiona mijusi na wadudu wamekufa ndani ya kishimo, ao majani yote yamekauka fasi moja ya chini wakati pembeni ni mazima, jaza hapo mawe mpaka juu na uzuie watoto wasiinamie. Kuko watu wanapima na mshumaa. Mshumaa ukizimika kimbia, lakini ukiendelea kuwaka haimaanishi uko salama, gesi inaweza kukuangusha mbele ya moto kuzimika. Uliza wazee wa karitie (mtaa), wao wanajua mashimo yote kwa majina.

Kwa wale wa upande wa mashariki na katikati ya mji hii si shida ya kila siku, lakini shimo refu ndani ya lava bado ni gharama bure.

Maua gani yanavumilia hapa, na nayapata wapi bila kununua?

Bugenvile kwanza. Inapenda jua, mizizi yake haiogopi mawe, ikishika haiombi maji sana, na inafunika ukuta mbaya wa tole za kutu kuliko kitu chochote unachoweza kununua. Iko na miba, sasa usiipande karibu na mlango. Ibiskusi inafuata, inakubali kukatwa na kuwa klotire (uzio) ya ndani. Ua ya kana iende fasi maji ya tole yanaangukia, kwa sababu inapenda unyevu. Aloe, sansevieria na drasena kwa mipasuko yenye udongo kidogo. Kwa kufunika chini kuko tradeskansia ile ya rangi ya zambarau, unavunja kipande, unakichomeka, imekwisha.

Karibu yote hayo yanapandwa na kipande cha tawi. Ukiona ua nzuri kwa jirani piga hodi, salimia mama vizuri, omba tawi, ni wachache watakunyima, na mara mingi utaondoka na tatu na hadisi ya kila moja. Kata kipande cha sentimetre 15 mpaka 20, toa majani ya chini, ingiza macho mawili ndani ya udongo, weka fasi yenye kivuli, mwagia kidogo kila siku. Bugenvile inasumbua zaidi kushika, weka vipande vitano ukitafuta kimoja. Pepinyeri (wauza miche) za kando ya barabara ziko na vitu vizuri lakini ngoja ujue kwanza fasi yako inapata jua la saa ngapi.

Kama kuko watoto wadogo: yale maua ya tarumbeta yanayoning'inia, mazuri na yananukia usiku, ni sumu yote, na loriye roze (oleanda) vilevile. Si mambo ya kubahatisha.

Na gazo (nyasi fupi za kukatwa)? Mimi nataka gazo.

Watu wote wanataka gazo juu wanaiona kwenye parseli za kando ya ziwa. Gazo inaomba udongo fasi yote, inaomba maji, inaomba mtu wa kukata. Kama lazima, chukua kipande cha metre 2 kwa 2 mbele ya terasi, panda paspalamu kwa vishina ukiachanisha sentimetre 15, ni vishina kama 44 kwa metre kare moja, na vishina vyenyewe omba kwa mtu anayekata yake. Kingine chote kiwe konkase na mawe. Kipande kidogo cha kijani katikati ya makoro meusi kinaonekana zaidi kuliko uwanja mzima wenye mabaka.

Maji ya kumwagilia ninunue?

Na bei ya bidoni (jerikani) hapa mjini? Hapana. Weka gutieri (mfereji wa paa), ata ya tole lililokunjwa, ielekee kwenye pipa lenye kifuniko ao wavu juu ya imbu. Tole la metre kare 40 likipata mvua ya milimetre 10 linatoa karibu litre 400, ni bidoni 20, mvua moja tu. Maji ya kusukulia mboga na mchele mwaga kwenye maua. Ya kufulia yenye sabuni kidogo yanaweza kwenda kwa bugenvile mara moja moja, lakini yenye javeli (dawa ya klorini), kamwe.

Lava inakunywa maji haraka sana, kwa hiyo shida yetu ni kuyashika. Chini ya kitalu tandika gunia la zamani ao kartoni mbele ya kumwaga udongo, udongo hautatumbukia kwenye matundu. Juu ya udongo tandika majani makavu, maganda ya maharagi, majani ya ndizi. Utamwagilia mara chache. Wenzetu wa Bukavu wanalia juu udongo unateremka na mvua, sisi tunalia juu hauko, kila mtu na msalaba wake.

Moshi wa volkano unaunguza maua?

Ndiyo, wakati upepo unaleta moshi wa Nyiragongo ao Nyamulagira upande wetu, mvua inayopita ndani yake inakuwa na asidi, majani yanapata madoa ya kahawia na ncha zinakauka, na tole nazo zinakula kutu mbio. Majivu yakianguka, suuza majani na maji safi kidogo. Mvua ya kwanza baada ya siku za moshi usiiingize kwenye pipa, acha ioshe tole kwanza. Na hayo maji ya tole ni ya maua. Ya kunywa ni hadisi ingine, juu mvua ya namna hiyo inaweza kubeba florini inayoharibu meno ya watoto.

Mbolea ninunue gani?

Hakuna. Maganda ya mihogo, ya ndizi, ya viazi, samadi ya kuku ao sungura iliyokaa miezi miwili mitatu ikapoa. Samadi mbichi ya kuku inaunguza mizizi. Majivu ya makala weka kidogo sana, konzi hapa na pale, juu lava ya Nyiragongo tayari iko na potasi na ukizidisha majivu udongo unakuwa na chumvi chumvi. Mifupa, mafuta na mabaki ya samaki usiweke, utaita panya na imbwa.

Mapine na bidoni zilizokatwa, si inaonekana maskini?

Ikipangwa ovyo, ndiyo. Ukichukua bidoni za rangi moja, ukazikata kimo kimoja, ukazitoboa chini, ukazipanga mstari mmoja kwenye ngazi, inaonekana mtu alifikiria. Kosa ni kupaka kila pine rangi yake, nyekundu, buluu, njano, inakuwa kama mlango wa nganda (baa). Chagua rangi moja. Nyeupe na mawe meusi inapendeza, na chokaa ni bei ya chini kuliko rangi ya kopo. Toboa mapine yote, yakishika maji imbu watakaa humo.

Kupanda mboga mbele ya nyumba si aibu?

Aibu ya nani? Lengalenga (mchicha) nyekundu ni nzuri kuliko maua mengine yanayouzwa. Sitroneli (mchaichai) kando ya njia inanukia ukiigusa na ni chai ya asubuhi. Marakuja inapanda kwenye klotire, inatoa kivuli na matunda. Matembele yanafunika udongo wote na unayapika. Tu usipande mboga za kula pale ambapo ulitoa takataka za zamani, pili na mafuta ya gari. Hapo weka maua.

Niko lokateri (mpangaji). Bayeri (mwenye nyumba) akinifukuza kesho?

Zungumza naye mbele, si baada. Mwambie papa, ao mama, nataka kutengeneza mbele ya nyumba, udongo ni pesa hii, tutoe kwenye kodi ya mwezi mmoja, na muandike kwenye karatasi, wote wawili mutie sinyo. Bayeri wengine wanakubali, wengine wanafurahia kazi yako alafu wanapandisha kodi juu nyumba imekuwa nzuri, tunawajua. Akikataa, panda kila kitu kwenye bidoni na magunia, siku ya kuhama unapakia kwenye chukudu pamoja na viti.

Miyenzi (minyaa) kwa klotire inafaa juu ya wezi?

Inafaa, ni bure, inashika hata kwenye mawe. Lakini maziwa yake yakiingia kwenye jicho yanaumiza vibaya sana, kata ukiwa umevaa kitu machoni na osha mikono mbele ya kujigusa uso. Karibu na madirisha acha kila kitu kiwe kifupi, chini ya dirisha lenyewe, mtu asipate fasi ya kujificha.

Kazi nzito nifanye mwezi gani?

Mawe, njia na kuta: mwezi wa sita mpaka wa nane, wakati kuko kavu. Kupanda: kuanzia katikati ya mwezi wa tisa mvua ikirudi, ao mwezi wa pili kuelekea wa tatu. Ukipanda mwezi wa saba utanunua maji mpaka uchoke.

Inje ya bariere, upande wa avenyi, naweza kupanda?

Panda vitu vifupi vinavyotoka kirahisi, na usiweke ngazi ya simenti ao ukuta, ile fasi ni ya barabara na siku wanapanua watabomoa bila kukulipa. Mfereji usiuzibe. Siku ya salongo (usafi wa pamoja) fagia mpaka kwa jirani kidogo, hiyo inasaidia kuliko kumwambia asitupe takataka.

Mbuzi na kuku za jirani zinakula kila kitu, nifanye nini?

Miezi ya kwanza zungusha matawi ya bugenvile uliyokata, yenye miba, kando ya kitalu. Aloe na sansevieria hawagusi sana, sasa panga hizo mbele na matembele nyuma. Kuku wanakuja kuchakura majani makavu, weka vijiwe juu yake. Kama mbuzi ni yule yule kila siku, nenda umuone mwenye mbuzi jioni akiwa amekula, umpelekee na sitroneli kidogo, muongee.